Kuipa Mizani Mgongo

Kule Kwaefita, kijiji cha wakulima wa kakao, mtu akishaliweka gunia lake la kakao kwenye mizani, huipa mizani mgongo. Hutazama barabara, au mbuzi wa jirani, au mawingu kama ni mtu wa mawingu, mpaka karani wa ununuzi atamke uzito. Hakuna aliyeiandika sheria hiyo popote. Ni adabu tu, kama ile ya kutomsalimia mtu kwa mkono wa kushoto, na mtoto huijua kabla hajajua kuoga mwenyewe. Kumkodolea karani macho anaposoma ni kumwita mwizi bila kufungua mdomo. Na karani si mtu wa kuchezea, maana msiba ukikufika kabla ya msimu, mlango utakaoukimbilia kukopa ni wake.

Karani wa Kwaefita aliitwa Barima, mtu wa maneno machache na mashati yaliyopigwa pasi. Alikuwa na binti mmoja wa darasa la sita, la mwisho katika shule ya kijiji, Konadu, ambaye siku za ununuzi alishinda naye bandani akimshikia kalamu na kufukuza kuku. Kwa kuwa Konadu alisimama upande wa karani, alikuwa mtu pekee kijijini, ukimtoa baba yake, aliyezoea kuuona uso wa mizani. Aliona mshale umesimama wapi, akasikia baba yake ametamka nini. Alichokisikia kilikuwa pungufu ya alichokiona, kila mara, kwa kila gunia, tangu akiwa na meno ya utotoni.

Mtoto mwingine angeshtuka. Konadu alihitimisha kwamba huko ndiko kusoma mizani. Mizani huzidisha, karani hupunguza. Ndiyo kazi anayolipwa. Kama kazi ingekuwa kutamka tu namba iliyoguswa na mshale, basi kila mtu angekuwa karani, na baba yake asingekuwa na banda lenye bati jipya. Aliuona kuwa ujuzi wa nyumbani kwao, na akajivunia kimyakimya kwamba ameupata bila kufundishwa.

Mambo yangebaki hivyo kama si Madam Dufie. Huyu alikuwa mwalimu kijana kutoka Kumasi, ndiyo kwanza amepangiwa kazi, na bado alikuwa na ile imani ya watu ambao ndiyo kwanza wamepangiwa kazi. Likizo iliyopita alikwenda semina, akarudi na mfuko wa kadi za rangi, kijitabu, na mchezo wa kuwafundisha watoto biashara ya haki. Darasa linagawanywa: hawa wakulima, huyu karani, wale watu wa bandarini, wale kiwanda cha ng'ambo, na wale wengine duka kubwa la nchi za baridi. Kakao inatoka kwa mkulima, inapita mikono yote hiyo, na mwishoni chokoleti ya kweli inagawanywa kulingana na alichovuna kila mmoja.

Kijitabu kilikuwa na uhakika mkubwa. Kilisema mzunguko wa kwanza ukiisha, wakulima watabaki na kipande kimoja cha chokoleti na watalikasirikia duka. Hapo mwalimu atauliza, "Nani amekula jasho lenu?" nao watoto, kwa akili zao wenyewe, watavumbua chama cha ushirika na bei nzuri. Waliokiandika walilifikiria duka la ng'ambo kwa undani sana. Bandani kwa karani hawakufikiria kuingia.

Ilipofika kumchagua karani, darasa zima lilimtazama Konadu. Bediako, aliyekaa dawati la nyuma na aliyekuwa na neno kwa kila jambo, akasema kwamba hakuna haja ya kupiga kura, mtoto wa nyoka ni nyoka. Watu wakacheka. Konadu naye alicheka kidogo. Nyoka au si nyoka, kazi aliijua, na kwa mara ya kwanza angeifanya mbele ya watu.

Kakao ya mchezo ilikuwa kokwa za mchikichi zilizookotwa nyuma ya jiko la shule. Mizani iliazimwa kwa muuza mikate, ile ndogo ya kupimia unga, yenye uso mviringo kama saa ya ukutani. Chokoleti iliwekwa juu ya meza ya mwalimu ili kila mtu aione, na kwa kuwa wengi wao walikuwa wamezaliwa na kulelewa ndani ya kakao bila kuonja chokoleti zaidi ya mara moja au mbili, iliangaliwa sana. Wakulima walipokea kadi zao. Kadi ya mvua nyingi ilipotoka, Bediako aliguna na kushika kiuno sawasawa na wanaume wa nyumbani kwao, na Madam Dufie akaandika pembeni ya kijitabu kwamba watoto wameuingia mchezo kwa moyo wote.

Kisha wakaanza kuuza. Wa kwanza aliweka kopo lake la kokwa kwenye mizani, akageuka, akatazama ubao. Wa pili akaweka, akageuka. Wa tatu naye hivyo hivyo. Konadu aliketi nyuma ya mizani kwa utulivu wote wa baba yake, akitamka namba na kuwapa wenzake kadi za sedi, ndizo fedha za mchezo. Madam Dufie alidhani ni vichekesho vyao.

"Mbona mnageuka?" akauliza.

"Si tunauza, Madam?" akasema Bediako, ambaye zamu yake ilikuwa imefika na alikuwa ameshaipa mizani mgongo.

Jibu hilo halikumtosha mwalimu. Akazunguka meza, akaenda kusimama nyuma ya Konadu, mahali ambapo mtu mzima wa Kwaefita asingesimama hata kwa kusukumwa.

"Nne," Konadu akatamka.

"Hebu soma tena, Konadu."

"Nne, Madam."

"Mshale uko wapi?"

"Kwenye tano."

"Sasa mbona unasema nne?"

Konadu alimtazama mwalimu kwa huruma kidogo, kama unavyomtazama mgeni anayekula fufu, ugali laini wa kumezwa tu, kwa kuitafuna. "Ndivyo inavyosomwa, Madam. Ikisema tano ni nne. Kwa gunia kubwa ndiyo unatoa kilo tatu."

Hakuna aliyecheka, na darasa lile lilikuwa linacheka hata mtu akipiga chafya. Bediako aligeuka polepole, akautazama uso wa mizani ya muuza mikate. Wenzake waliokuwa nyuma yake kwenye foleni wakasogea nao wakatazama. Konadu aliwaona wote wamemkodolea macho, jambo ambalo halijawahi kumtokea karani yeyote, na akahisi uso unamchoma bila kujua ametenda nini.

Madam Dufie hakuwa mjinga. Aliona kwamba amekanyaga kitu, akajaribu kuondoa mguu taratibu. Akasema waendelee, huo ni mchezo tu. Wakaendelea. Kokwa zikafika bandarini, zikavuka bahari, zikawa chokoleti, na duka la nchi za baridi likajipatia karibu bamba zima, kama kijitabu kilivyoahidi. Wakulima walipata kipande chao kimoja wakagawana kwa kuuma. Ila hakuna aliyelitazama duka. Walitafuna wakimtazama Konadu. Na mwalimu alipouliza lile swali la kijitabu, nani amekula jasho lenu, hakuna mkono hata mmoja uliopanda, na hakukuwa na ukurasa wa kumsaidia.

Kengele ilipolia, Konadu alibaki. Akauliza mizani husomwa vipi kwingine, huko Kumasi kwa mfano. Madam Dufie akamjibu kwamba husomwa namba ile ile iliyoguswa na mshale.

"Hata ile kubwa ya magunia?"

"Hata ile kubwa, Konadu."

Alitaka kuongeza neno la kumfariji, lakini alikuwa mgeni, na maneno ya faraja ya Kwaefita hakuyajua bado. Konadu aliushika mkanda wa mfuko wake wa madaftari, akaenda nyumbani kwa njia ya mtoni ili asikutane na mtu. Njia nzima alikuwa anahesabu. Alianza na magunia ya msimu huu, akaenda kwenye ya msimu uliopita, kisha akaacha, kwa sababu kila gunia lilikuwa na mwenyewe na wenyewe wote aliwajua kwa majina.

Habari ilifika kwa Barima kabla yake. Watoto wa darasa zima wana wazazi, na wazazi wana midomo. Alikula fufu yake na mchuzi wa karanga mpaka mwisho, akanawa, akamwomba mkewe awapishe kidogo. Hakupandisha sauti. Alisema kesho Konadu atawaambia mwalimu na wenzake kwamba alikosea kusoma.

"Sikukosea, Baba. Nilisoma kama wewe."

"Ndiyo maana utasema ulikosea."

Kisha akamweleza, kwa mara ya kwanza maishani, kazi yake. Kakao hukauka njiani, uzito ukipungua kule mjini fidia inatoka mfukoni mwa karani. Watu huja kukopa, wengine hawalipi, na hawezi kumdai mjane mbele ya jeneza. Mwakani Konadu anakwenda sekondari ya bweni, na huko kunatakiwa sanduku, godoro, ndoo, sare, na mambo ambayo hata hayakumbuki. Yote hayo yanatoka kwenye zile tatu. Alivyosema, ilikuwa kama zile tatu ni watoto wengine aliowalea kwa shida. Konadu alisikiliza, na akaona kwamba mengi yalikuwa kweli, na hilo halikumsaidia.

"Nana Frempomaa anajua?" akauliza. Huyu alikuwa bibi yake Bediako, mwenye shamba la kule kilimani.

"Kila mtu anajua," Barima akasema. "Ila hakuna aliyeona. Sasa wewe umewaonyesha."

Kesho yake Konadu alisimama mbele ya darasa. Alikuwa wa kwanza kwa hesabu tangu darasa la pili, na mwalimu akikosea hesabu ubaoni yeye ndiye aliyenyoosha mkono. Akasema, kwa sauti ya mtu anayesoma tangazo, kwamba jana alikosea, hajui vizuri kusoma mizani. Bediako akauliza, bila ubaya wowote, kama ni hivyo ile tatu ya gunia kubwa aliitoa wapi. Madam Dufie akamwambia anyamaze. Aliogopa, na hakuona fahari kwamba anaogopa. Alikuwa amepanga chumba kwenye ua wa shangazi wa karani.

Barima naye alifanya sehemu yake. Kilabuni, penye tembo la mchikichi, alieleza kwa kicheko kwamba mtoto wake ni bingwa wa vitabu lakini mizani ni mizani, bado anajifunza. Watu waliitikia. Walilipokea neno hilo kama mtu anavyopokea mwavuli, kwa shukrani, maana bila hilo wangelazimika kuamua jambo. Wiki ile yote Konadu akipita njiani wanawake walimpa pole. Usijali mwanangu, walimwambia, utajifunza tu. Wangemtukana angejua la kufanya. Huruma yao ilimuuma mpaka akakosa usingizi, na zaidi ya yote ilimuuma kwamba iliyoianzisha ni kauli ya baba yake, ambaye ndiye aliyekuwa akimwita profesa.

Siku ya ununuzi ilifika. Alidhani ataambiwa abaki nyumbani. Barima akamwambia achukue kalamu kama kawaida, kwa sababu kutokuwapo kwake kungezungumza. Foleni ilikuwa ndefu kuliko ilivyotakiwa, na wengine waliokuja hawakuwa hata na kakao. Walisema wanapita tu.

Nana Frempomaa alikuwa wa kwanza, kwani hakuna aliyewahi kuthubutu kumtangulia. Bediako na mjomba wake walilibeba gunia, wakaliweka, wakajitenga. Bibi akaipa mizani mgongo, akajifunga kanga yake vizuri, akaitazama barabara.

"Karani," akasema akiwa huko huko aliko, "nimesikia mtoto hajui kusoma mizani."

"Anajifunza, Nana."

"Na atajifunza kwa kushika kalamu? Mwache asome gunia langu. Mimi mzee, hasara ya siku moja haitaniua."

Watu waliokuwa wanapita tu waliacha kupita. Barima hangeweza kukataa, maana habari ya kujifunza aliisambaza mwenyewe. Alimtazama yule mwanamke mzee mgongoni kwa muda, akaona hakuna kitu cha kusoma kwenye mgongo. Akasogea pembeni. Konadu akakaa kwenye kiti.

Mshale uliyumba, ukatulia kwenye sitini na nne. Konadu aliiona, na papo hapo akaiona nyingine, sitini na moja, jinsi baba yake angeitamka, mpaka kile kikohozi kidogo cha mbele. Zote mbili zilikuwa ulimini. Akisema sitini na moja hakuna atakayegeuka. Nana atachukua malipo yake, foleni itasogea, godoro la bweni litanunuliwa. Alimtazama baba yake amwambie atamke ipi. Barima alikuwa anaitazama ncha ya kalamu. Konadu alimpenda sana baba yake, na ugumu wote ulikuwa hapo. Angekuwa hampendi, angeshasema zamani.

"Sitini na nne," akasema.

Nana Frempomaa hakugeuka. Alichekea puani. "Karani, hebu msahihishe. Kakosea tena, eti? Gunia langu halijawahi kufika huko tangu nianze kukuuzia."

Neno lilikuwa moja tu, na kila mtu alikuwa tayari kuliamini. Wengine walilitamani. Barima angesema ndiyo, kakosea, watu wangecheka kidogo kwa nafuu, na siku ingeendelea kama siku nyingine, isipokuwa mtoto mmoja angebaki mjinga wa mizani mbele ya kijiji kizima mpaka atakapoolewa na hata baada ya hapo. Konadu aliuona mdomo wa baba yake unafunguka. Neno lililokuwa ndani alilijua, kwa sababu alishalisema yeye mwenyewe darasani, na alijua linavyochoma likitoka.

"Hajakosea," Barima akasema.

Hakulisema kwa nguvu. Waliokuwa nyuma waliwauliza wa mbele amesema nini, na jibu likasafiri mdomo kwa mdomo mpaka kwenye mkia wa foleni, kule walikokaa watu wasio na kakao. Nana Frempomaa alikuwa ameutega mtego wake vizuri, na sasa ulipofyatuka haikuonekana kama umemfurahisha. Alipogeuka hakuangalia mizani. Alimwangalia Barima, ambaye aliwahi kumkopesha fedha za kumzika mumewe, na ambaye alikuwa amesimama pale na shati lake la pasi, jasho likimtiririka.

"Basi andika," akamwambia.

Barima akaandika. Mtu wa pili akaleta gunia lake, akaliweka, akasita, akabaki ameielekea mizani. Wa tatu naye akabaki. Hakuna aliyetoa neno juu ya misimu iliyopita. Hayo yangekuja, na Barima alijua yangekuja, pengine jioni hiyo hiyo, pengine na wazee wote wakiwa vitini kusikiliza kesi. Konadu naye alijua. Alisoma magunia mpaka sauti ikamkauka, na baba yake akaandika kila namba aliyoisema, bila kumwomba arudie hata moja.